Weupe Kwenye Dembo

Simu ililia saa 11 na nusu alfajiri, katikati ya mwezi wa 7. Alikuwa mama mmoja anayelima mboga kwenye dembo nje kidogo ya Kolwezi. "Mwalimu, uje upesi. Kuna kitu cheupe kimelala juu ya mboga zangu. Watoto wanasema ni theluji." Nilivaa triko mbili na koti juu yake, nikapanda pikipiki. Huku juu mjini nyasi za kando ya barabara zilikuwa kama zilivyo siku zote za kipwa, kavu, rangi ya mchanga. Nilipoanza kuteremka, baridi ilinishika miguu kwanza, ikapanda magotini, ikafika kifuani, kama mtu anayeingia mtoni polepole. Chini kabisa dembo lote lilikuwa jeupe.

Watoto watatu walikuwa wamechuchumaa kando ya beseni lililolala nje usiku. Juu ya maji yake palikuwa na utando mgumu, mwembamba kama kioo cha taa ya mafuta. Mkubwa akaupasua kwa kidole, akampa mdogo wake kipande. Mdogo akakitia mdomoni, akakunja uso, akakitema. "Ni theluji, Mwalimu?" Nikamwambia hapana. Kile cha kwenye beseni ni barafu, na ule weupe wa kwenye majani ni jalidi. Mkubwa hakuridhika. "Kama baridi imefika ya kugandisha maji," akasema, "theluji inakawia wapi?"

Swali hilo ni zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani, na kulijibu sawasawa kunataka zaidi ya neno moja.

Tuanze na majina. Sisi wa Katanga neno moja hututosha: baridi. Baridi imekamata, baridi imeunguza mboga, baridi imeingia mifupani. Jirani zetu wenye Kiluba cha Kasai husema mashika, na mtu wa pwani akiwasikia atadhani wanangoja mvua za masika, kumbe wanatafuta blanketi. Lakini Kiswahili kina maneno ya kutosha kutenganisha mambo haya. Barafu ni maji yaliyoganda, popote yalipo. Theluji ni chembe za barafu zilizojijenga ndani ya wingu, moja moja, kisha zikaanguka zikiwa nyepesi kama manyoya. Mvua ya mawe hutoka winguni vilevile, ila huanguka ikiwa vidonge vigumu. Jalidi, ambayo vitabu vingine huiita sakitu, haianguki kutoka popote. Humea palepale ilipo, juu ya jani, kama ukungu unavyomea juu ya mkate.

Kuchanganya haya si aibu. Septemba 2008, karibu na Nyahururu nchini Kenya, karibu kabisa na mstari wa ikweta, kilima kiligeuka cheupe kwa barafu ya mvua ya mawe na watu wakatoka majumbani kuishika kwa mikono wakiita theluji. Na zamani zaidi, mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipouona Kilimanjaro akitokea pwani, kiongozi wake wa njia aliuita weupe wa kileleni baridi, basi. Rebmann alitambua kuwa ni theluji, akaandika hivyo, na kwa miaka kadhaa wasomi kama William Desborough Cooley wa London walikataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Nikifikiri sana naona yule kiongozi aliwapita wote wawili. Wao walibishana juu ya kitu, yeye alitaja sababu yake.

Nilimwomba mama anichumie jani moja la shu, yaani kabichi. Ukilisogeza karibu na jicho, weupe ule si unga. Ni sindano ndogo za barafu, zimesimama wima kwenye ukingo wa jani na kwenye mishipa iliyoinuka, zimesongamana upande wa juu. Ukiligeuza jani, upande wa chini karibu hakuna kitu. Kisha mama akanionyesha jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelistaajabia. Kando ya kisima chake kuna meza ya mbao ya kuwekea madumu. Chini ya meza ile nyasi zilikuwa za kijani kabisa, hazina hata sindano moja, na mpaka wa ukijani ulifuata umbo la meza, pembe nne, kana kwamba mtu ameuchora. Hakuna ukuta pale, upepo unapita huku na huku. Meza ilikuwa imekinga nini?

Ilikuwa imekinga mbingu.

Kila kitu chenye joto, liwe jiwe, jani au paji la uso wako, hutoa joto lake mchana na usiku kwa njia ya mionzi tusiyoiona. Mchana jua hulipa zaidi ya kinachotumika. Usiku ni matumizi matupu. Kukiwa na mawingu, au hewa ikiwa imejaa mvuke, sehemu kubwa ya joto linalopanda hurudishwa chini, na ndiyo maana usiku wa mwezi wa 1, mvua ikinyesha, mtu hulala Kolwezi bila kujifunika. Mwezi wa 7 mbingu yetu ni tupu. Hakuna wingu, hakuna mvuke wa maana, nyota zinaonekana hadi ukingoni mwa dunia, na joto la ardhi linapanda moja kwa moja hadi anga za juu lisirudi. Jani ni jembamba, halina akiba. Hupoa kuliko hata hewa inayoligusa. Likishuka chini ya nyuzi 0, mvuke mchache uliopo hewani ukilikuta hauwi tena umande, bali huganda papo hapo bila kupita kwenye hali ya maji. Chini ya meza, nyasi zilikuwa zikitazamana na mbao badala ya kutazamana na nyota, na mbao zilizirudishia joto lao.

Hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Ya pili ni mteremko. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, na usiku usio na upepo hutiririka kama maji, polepole mno, ikifuata mabonde. Dembo ni bonde pana lisilo na miti, kina chake kidogo, mahali ambapo vijito vyetu vingi huanzia, na kila usiku wa kipwa hugeuka ziwa la hewa baridi. Mtu akisimama mtaani Manika au Dilala anaweza kuona ni usiku wa kawaida tu, huku kwenye dembo la karibu, mita 40 au 50 chini yake, maji yanaganda. Wala si madembo peke yake. Mashimo makubwa ya wazi ya migodi nayo hukusanya hewa baridi kwa namna hiyohiyo, na wanaofanya zamu ya usiku chini huko huvaa zaidi ya wenzao walio juu.

Nawasihi wakulima wote na walimu wa shule wafanye jaribio moja. Tafuta vipimajoto viwili vya bei ndogo. Kimoja kifunge kwenye kijiti, usawa wa kifua. Cha pili kilaze juu ya nyasi, wazi kwa mbingu. Alfajiri visome vyote viwili kabla jua halijatoka. Tofauti ya nyuzi 4 au 5 si ajabu. Vituo vya hali ya hewa duniani kote hupima joto ndani ya kijumba chenye matundu, kati ya mita 1.25 na 2 juu ya ardhi, na kwa kazi yao hiyo ni sawa. Lakini shu haikui mita 2 juu ya ardhi. Redio ikisema usiku ulikuwa wa nyuzi 4, jani linaweza kuwa limeshapita sifuri. Mettelsat, shirika la taifa la hali ya hewa, likipata siku moja uwezo wa kuweka hata kipimajoto kimoja cha nyasi katika kila eneo linalolisha miji yetu mboga, wakulima watajua usiku upi wafunike na upi walale. Hilo nalitamani kwa dhati.

Sasa, kwa nini hapa? Watu hujibu haraka: kwa sababu tuko juu. Ni kweli, Kolwezi iko karibu mita 1,440 juu ya usawa wa bahari. Lakini Goma iko juu kuliko sisi kidogo, karibu mita 1,500, na huko mtu anaweza kuzeeka asione beseni la maji limeganda. Goma iko karibu kabisa na ikweta, ina ziwa kubwa mlangoni, na mawingu hayaihami kwa muda mrefu. Sisi tuko karibu nyuzi 11 kusini ya ikweta. Mwezi wa 6 jua limekwenda kaskazini, urefu wa usiku wetu unafika saa 12 na nusu, na mvua zimekoma tangu mwezi wa 4 au wa 5. Juu ya hayo, pepo za kusini mashariki hutuletea hewa kavu iliyopita juu ya Zambia. Kukitokea wimbi kali la baridi Afrika Kusini, baada ya siku chache mkia wake unatufikia, upepo unatulia, na usiku wa kwanza wa utulivu ndio wa kuogopwa. Sikukuu ya uhuru, 30 Juni, huangukia ndani ya majira hayo, na wanafunzi wanaosimama kwenye gwaride asubuhi wanaijua baridi hiyo bila kufundishwa.

(Wapo wanaosema baridi hii inatokana na dunia kuwa mbali na jua. Kweli dunia huwa mbali zaidi na jua mwanzoni mwa mwezi wa 7, kama kilomita milioni 152. Lakini wakati huohuo watu wa Ulaya wanaoga baharini. Mwinamo wa dunia ndio unaotupunguzia jua, umbali hauna neno hapa.)

Baridi, basi, ipo. Turudi kwa swali la yule mtoto.

Theluji inataka vitu viwili kwa pamoja: wingu lenye maji, na hewa baridi kutoka kwenye wingu hilo hadi ardhini. Kwetu viwili hivyo ni kama wake wenza wasiokutana jikoni; mmoja akiingia, mwenzake ameshatoka. Mawingu ya mvua yapo kuanzia mwezi wa 10 hadi wa 4, na hapo ardhi ina joto. Baridi ipo mwezi wa 6 na wa 7, na hapo wingu halipo. Mtu atasema, je, siku moja wingu likipotea njia likaja mwezi wa 7? Fikiri vizuri na utaona kwamba halitaleta theluji. Baridi yetu ya alfajiri ni tabaka jembamba lililolala juu ya ardhi. Ukipanda mita 100 juu ya dembo, hewa ina joto zaidi kuliko kwenye nyasi. Chembe ya theluji ingeyeyuka njiani kabla haijalifikia tabaka hilo. Na kabla ya hapo, wingu lenyewe lingekuwa limetanda kama blanketi, limezuia ardhi isipoe. Kile ambacho kingeleta theluji ndicho kinachoifukuza baridi.

Wenzetu wa kusini wana hali nyingine. Johannesburg ilipata theluji tarehe 7 Agosti 2012, na tena 10 Julai 2023, watu wakasimamisha magari barabarani na kutoka nje kuipiga picha. Mji ule uko takriban mita 1,750 juu ya bahari. Nasi Lualaba na Haut-Katanga tuna nyanda za juu za namna hiyo: kituo cha Lusinga, ndani ya hifadhi ya Upemba iliyoanzishwa mwaka 1939, kiko mita 1,760. Kimo ni kimoja, lakini Johannesburg iko nyuzi 26 kusini, na mara chache, miaka kadhaa ikipita, hewa ya baridi kutoka bahari ya kusini huifikia ikiwa bado imebeba mawingu yake, na baridi hiyo ni nene, inaanzia ardhini hadi winguni. Kufikia kwetu, hewa hiyohiyo imeshatua mzigo wake wote wa maji. Inatufikia mikono mitupu.

Theluji ya Congo ya kukanyagwa kwa mguu ipo mbali, zaidi ya kilomita 1,000 kaskazini, kwenye milima ya Rwenzori, ambako kilele cha Margherita kina mita 5,109. Karisimbi nao, wenye mita 4,507 kwenye mpaka na Rwanda, hupata kofia nyeupe mara kwa mara, na jina lake linatokana na neno la Kinyarwanda la simbi, kauri nyeupe. Barafu ya Rwenzori inaisha. Mwaka 1906, Duke wa Abruzzi alipopanda, ilikuwa na eneo la karibu kilomita za mraba 6 na nusu. Siku hizi haifiki hata 1. Mtoto wa Kolwezi anayetamani kuiona afanye haraka.

Au atazame juu. Hapa nataka msomaji atulie kidogo, kwa sababu hili hunifurahisha kila mwaka mvua zikianza. Theluji inaanguka juu ya Kolwezi. Inaanguka karibu kila mara radi inapopiga. Katika nchi zetu za joto, mstari wa nyuzi 0 uko angani karibu mita 5,000 juu ya bahari, yaani kama mita 3,500 juu ya mabati yetu. Yale mawingu meusi ya mwezi wa 12 hupanda kilomita 12 na zaidi, na sehemu yake yote ya juu ni barafu: vipande vya theluji, chembe za barafu laini, mawe. Kugongana kwa chembe hizo ndiko kunakozalisha umeme wa radi, na wingu lisilo na barafu halipigi radi za maana. Kabare, kule Kivu ya Kusini, inahesabiwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani, na maana yake ni kwamba juu ya vichwa vya watu wale barafu inasagana usiku na mchana. Kisha theluji ile inashuka, inavuka mstari wa sifuri, inayeyuka, na kutufikia ikiwa matone makubwa ya mvua. Matone mengi yaliyolowesha nguo zenu kwenye kamba masika iliyopita yalikuwa theluji dakika chache kabla. Nilimweleza mtoto hivyo. Akatazama juu muda mrefu, mbingu ile ya bluu isiyo na kitu, kama mtu anayedai deni lake.

Mimi lakini siku ile nilivutwa zaidi na kilicho chini ya miguu yetu. Ukitoka Kolwezi kupanda nyanda za Manika kuelekea Biano, miti inapungua, kisha unafika kwenye nyika pana ya nyasi, na mgeni atauliza nani aliikata misitu. Hakuna aliyeikata. Miti ipo, imejizika. Kila mmoja wetu anaujua mupundu, mti mkubwa wa miombo ambao watoto huokota matunda yake. Jina lake la kitaalamu ni Parinari curatellifolia. Kwenye mchanga wa nyanda hizo anaishi ndugu yake, Parinari capensis, ambaye havuki goti la mtu. Unaona vijani vichache vimetawanyika kwenye nyasi, unadhani ni magugu. Chimba, na utakuta mashina mazito ya mti halisi yanatambaa chini ya ardhi kwa mita nyingi. Kilichoko juu ni ncha za matawi tu. Mwaka 1976 Frank White, bingwa wa mimea wa Oxford, aliiandikia mimea hii makala yenye jina lililobaki hadi leo: misitu ya chini ya ardhi ya Afrika.

Kwa nini mti ujizike? White alitazama zaidi udongo, mchanga maskini unaojaa maji masika na kukauka kipwa. Wengine wanataja moto wa nyika, na hawakosei, maana nyanda hizi huwaka karibu kila mwaka. Lakini miaka ya karibuni, watafiti waliopima joto kwenye nyanda za juu za Angola, majirani zetu wa magharibi, walionyesha kwamba jalidi ina sehemu yake, na kubwa. Moto huwaka siku moja ukapita. Jalidi hurudi usiku baada ya usiku, mwaka baada ya mwaka, na huua machipukizi yote yaliyo wazi. Sentimita chache ndani ya udongo, joto haliguswi nayo. Mti uliozika macho yake ya kuchipua umeyaweka kwenye blanketi. Mwezi wa 8 na wa 9, mvua bado haijanyesha hata tone, utaiona miti hiyo mifupi inachipua na kuchanua kwenye ardhi nyeusi iliyoungua, kwa maji na chakula ilichoficha chini. Nashawishika na maelezo ya jalidi, ingawa sidhani moto na udongo vitaondolewa kwenye kesi hii. Mchanga wenyewe una hatia: ukikauka haupitishi joto vizuri, kwa hiyo usiku uso wake hupoa haraka kuliko udongo mwekundu wa mfinyanzi.

Na kwenye mchanga mkavu jalidi ina tabia moja mbaya ambayo wakulima wapya hawaijui: inaweza kuua bila kuonekana. Weupe unataka mvuke. Dembo lina maji mwaka mzima, ndiyo maana linapendeza kama harusi. Juu kwenye mchanga hewa inaweza kuwa kavu mno hata jani ligande lisipate sindano hata moja. Asubuhi shamba ni la kijani, mwenye shamba anamshukuru Mungu, na kufikia saa 6 mchana majani yamekuwa meusi, yamelegea, kama yaliyochovywa kwenye maji ya moto. Mama zetu husema baridi imeunguza, na wako sawa zaidi ya wanavyodhani. Maji yanayoganda kati ya chembe hai za jani huvuta maji kutoka ndani yake, chembe zinanyauka na tando zake kupasuka. Jani lililogandishwa na jani lililopikwa limekufa kifo kinachofanana. Nyanya, maharage, majani ya viazi vitamu na migomba hazivumilii. Shu na vitunguu huvumilia zaidi, na yule mama, kwa uzoefu wake, ndizo alizokuwa amepanda chini kabisa. Nyanya zake ziko mteremkoni, juu ya mstari ambao jalidi haijawahi kuuvuka tangu aanze kulima pale. Hakuna mtaalamu aliyempa ramani hiyo.

Kinachosaidia kinajulikana. Kufunika vitalu vya miche jioni kwa nyasi kavu au majani ya migomba, kufunua asubuhi: ni ile meza ya kisimani, kwa umbo jingine. Kumwagilia mapema mchana ili udongo uliolowa ubebe joto la jua hadi usiku. Kuacha mwanya kwenye ua wa miti upande wa chini wa shamba, ili hewa baridi ipate pa kutokea, maana ua mzito upande huo huiziba kama bwawa. Kisichosaidia ni moshi. Wengi huchoma majani mabichi usiku kucha wakiamini moshi utafunika bustani. Chembe za moshi ni ndogo mno, mionzi ya joto inapita katikati yake kama ng'ombe kwenye ua uliovunjika. Anayekohoa ni mkulima.

Moshi huo, tena, hauendi mbali. Lile tabaka la hewa baridi chini na hewa ya joto juu yake ni kama kifuniko cha sufuria. Alfajiri za mwezi wa 7 moshi wa mbabula (majiko yetu ya makaa), vumbi la malori ya madini na chochote kinachotoka kwenye mabomba ya viwanda hulala mitaani hadi saa 3 asubuhi, jua linapolivunja tabaka hilo. Wenye pumu wanalijua. Na usiku wa baridi kali watu huingiza mbabula ndani, hufunga mlango na dirisha, hulala. Hapa sina maneno ya mviringo. Makaa yanayowaka bila hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoshika damu na kuizuia kubeba hewa. Mtu haamki na kikohozi; haamki kabisa. Mbabula iwashwe nje, ikishashika ndipo iingizwe, dirisha likiwa wazi, na chumba kikipata joto itolewe nje tena kabla ya kulala, na dirisha libaki na ufa. Hata wachimbaji wanaokesha kwenye mashimo yao wasiishushe chini. Hawaihitaji. Mita chache ndani ya ardhi joto halibadiliki sana mwaka mzima, liko karibu na nyuzi 20, na alfajiri za namna hii mdomo wa shimo hutoa mvuke mweupe kama mdomo wa mtu.

Jua lilichomoza saa 12 na dakika 40 hivi, lakini ukingo wa bonde ulilizuia. Liliufikia kwanza upande wa magharibi wa dembo. Mpaka wa mwanga ulikuwa ukitujia taratibu, na mbele yake kila kitu kilikuwa cheupe, nyuma yake kila kitu kilikuwa kimelowa na kumetameta. Mama alianza kufunua vitalu vya miche, akikunja nyasi kavu na kuzirundika pembeni kwa ajili ya usiku. Yule mkubwa alikuwa ameliinua beseni na kulihamishia chini ya meza. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema kesho anataka kuona kama litaganda.

Kesho yake mama alinipigia tena, saa ileile. Beseni lililokuwa chini ya meza halikuganda. Mtoto alikuwa ameweka jingine pembeni, wazi kwa mbingu, na hilo lilikuwa na kioo.